Laini mbili, aibu moja

Juzi fundi wa shule moja huko Kayole ameniandikia: "Mkubwa, mwalimu mkuu amekubali laini ya pili ya intaneti. Sasa si kasi itakuwa mara mbili?" Nilicheka, kisha nikanyamaza. Maneno hayo hayo niliwahi kuyasema mimi mbele ya bodi nzima, shati nimechomekea.

Tulikuwa na faiba ya megabiti 50, tukaongeza nyingine ya 10. Kwenye ruta yetu ya MikroTik, kile kifaa kinachogawa intaneti, nikagawa miunganisho kwa anwani za IP (namba za kutambulisha mashine mtandaoni) na poti (namba za milango ya kila muunganisho) za pande zote mbili, nusu huku, nusu kule. Nikajisifu wiki nzima. Ikafika siku ya kusajili watahiniwa. Naibu mwalimu mkuu anaingia kwenye tovuti, anajaza majina matatu, anatupwa nje. Anaingia tena, anatupwa tena. Ombi moja lilipita laini hii, linalofuata laini ile, na tovuti ikiona mtu yuleyule ana anwani mbili za IP inamfukuza kama mwizi. Mwishowe alibeba makaratasi yake akaenda saiba ya jirani. Mlangoni akageuka, walimu wote wakisikia: "Kijana, si ungetuachia ile moja tu." Mpaka leo naisikia sauti yake.

Kwa hiyo, ndugu yangu, gawa kwa anwani ya kompyuta, achana na poti. Kila mashine ishike laini yake. Na 50 kwa 10 si nusu kwa nusu, ni tano kwa moja. La sivyo nusu ya wanafunzi watabanana kwenye kale kadogo. Faili moja pia haitashuka kwa 60, maana inapita laini moja tu; usiwadanganye bodi kama nilivyowadanganya.

Jingine: ruta yangu ilipima uzima wa laini kwa kupiga pingi, yaani kutuma ujumbe mfupi kuona kama unajibiwa, kwa kisanduku cha faiba cha ukutani. Kisanduku kinajibu vizuri tu hata tingatinga likiwa limekata faiba barabarani! Piga pingi mbali, seva ya Google ya 8.8.8.8 kwa mfano, kupitia laini ileile unayoipima.

Halafu toka nje utazame juu. Nyaya zetu zilikuwa za kampuni mbili, lakini nguzo ya stima moja. Lori lilipoigonga, tukakosa zote. Sasa ya pili inatoka kwa antena iliyo juu ya paa.

Hata hivyo, tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom, zinazotuletea intaneti, zilipokatika, laini zetu zote mbili zilikokota. Hapo sikuwa na kosa, lakini naibu alinitazama vilevile.