Binti anaolewa, ukuta unapasuka

"Somo, mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Kisauni. Binti yangu wa kwanza anaolewa mfungo mosi, wiki moja baada ya Idi. Mavyaa, mama wa bwana, na jamaa zake wanakuja kutoka Lamu, na wote watalala kwangu. Sasa ukuta wa nje umepasuka. Ufa unapanda mshazari kutoka pembe ya dirisha, kidole cha mwisho kinaingia, na mlango wa chumba cha watoto haufungi tena. Fundi anasema msingi umetitia, nimpe laki mbili achimbe upande mzima kwa siku nne kabla ya Ramadhani. Wifi yangu ananiambia nipake rangi, nitie pazia, harusi ipite. Bwana yuko melini, tunasemezana kwa simu tu. Nimechoka, hata kulia sijui tena. Nianze na lipi?"
Mama Bi Harusi

Mwanangu, hongera, na pole papo hapo. Anza na maji.

Najua hukuniuliza habari ya maji. Lakini usiku mfereji ukitoka, nenda kasimame nje uangalie tangi lako. Sisi Mombasa maji tunaletewa kwa zamu. Tunaacha mfereji wazi, tunalala, tangi linajaa na kumwaga hadi alfajiri. Linamwaga wapi? Mara nyingi pale pale kwenye pembe ya nyumba. Tia hapo mlizamu uliokatika, au shimo la choo linalovuja, na udongo ulio chini ya msingi hulainika, chembe zake zikasombwa kidogo kidogo, pembe ikashuka. Pembe ikishuka na kwingine kukibaki palepale, ukuta hupasuka mshazari na mlango hukwama, kama unavyosimulia. Kwangu ilikuwa boya la tangi, lile la kufunga maji tangi likijaa, limeharibika. Miaka nimemlaani fundi aliyejenga, kumbe mwizi namlisha mimi mwenyewe kila usiku.

Kisha chukua penseli. Tia alama mwisho wa ufa na uandike tarehe ukutani. Tia nyingine mbili, moja kila upande, upime kati yake kwa rula kila Ijumaa. Ufa uliotulia na ufa unaotembea ni vitu viwili. Ndiyo maana rangi ya wifi siitaki: itakuziba macho wakati unapoyahitaji.

Na huyo fundi wa siku nne simtaki pia. Msingi wa nyumba inayokaliwa hauchimbwi upande mzima kwa mpigo, ukuta utabaki umesimama juu ya hewa. Huchimbwa vipande vifupi, kama mita moja hivi, kimoja hapa, kingine kule mbali. Zege ya kipande kimoja hushika kwanza ndipo cha jirani yake kiguswe. Ni kazi ya wiki kadhaa. Kabla ya jembe kugusa udongo, mlipe injinia wa ujenzi aliyesajiliwa na Bodi ya Wahandisi ya Kenya aje atazame. Yeye hana simiti ya kukuuzia. Na siku mchanga utakapoletwa, uliza umetoka wapi, maana wa baharini una chumvi, na chumvi hula nondo.

Injinia akisema ukuta si salama, maneno yamekwisha: chumba kile halali mtu, na harusi ifanywe kwingine. Akisema unaweza kungoja, mimi ningengoja, wala si kwa ajili ya harusi peke yake. Idi ikipita tu masika yanaingia, na shimo la msingi kwenye mvua huwa dimbwi. Kwa hivyo sasa funga maji, rekebisha mlizamu, jaza udongo kando ya ukuta uteremke kuelekea nje. Ramadhani waachie mafundi saumu zao, nawe futari yako. Chimba masika yakiisha, kama Julai, bwana akiwa amekwishaona picha na rula ndani yake, na mmekubaliana pesa zitatoka mfuko gani. Hilo moja ndilo la kumuuliza. Ukimuuliza "nifanyeje?" kwenye simu ya dakika tatu utapata "tutaona".

Lakini lililonikaa zaidi katika barua yako ni "wote watalala kwangu". Nani amesema? Mtaani kwenu hakuna jirani wa kutoa chumba na magodoro mawili? Hukuwalaza wewe wageni wa harusi zao? Mpigie mavyaa mwenyewe, leo, kabla wifi hajamfikishia kwa maneno yake. Mwambie, "Mama, shikamoo. Nyumba ina ufa, siwezi kukulaza penye hatari, nimekutafutia mahali pema kwa jirani." Usimfiche kama aibu. Mtu wa Lamu amekulia ndani ya kuta za mawe na chokaa, amewaona mafundi wakizikarabati tangu utoto. Huenda akaja na maoni mengi kuliko injinia, nawe umsikilize tu.

Bi harusi mwenyewe amekwishaambiwa? Hukuandika. Mwambie, ana mikono miwili na marafiki zake.

Na siku ya biriani, pipa la maji la wapishi liweke upande wa pili wa ua, wasije wakaosha masufuria pembeni pale.