Fuso inazima mlimani na kugoma kuwaka: anza na tanki kabla hujashusha pampu

Mkuu, pole sana. Nimekuelewa hivi: Fuso ya dizeli, pampu ya kizamani isiyo na kompyuta, ile kubwa inayosukuma dizeli kwenye nozeli (vinyunyizio vya silinda). Ikiwa tupu inatembea vizuri. Ikipakia, mlimani inaishiwa nguvu taratibu halafu inazima. Stata inazunguka kwa nguvu lakini injini haishiki. Ukiiacha nusu saa inawaka na kuondoka kama haikuwa na tatizo. Umeshabadilisha filta, na sasa fundi anataka ashushe pampu na nozeli zote zikapimwe.

Usimruhusu bado. Hiyo nusu saa ndiyo inayonifanya nikwambie hivyo.

Ni kweli pampu iliyochoka inaweza kugoma kuwasha injini ikiwa ya moto, kwa sababu dizeli ikipata joto inakuwa nyepesi na kupenya ndani ya pampu badala ya kwenda kwenye nozeli. Lakini hilo linapimika bila spana. Tembea tambarare mpaka injini ipate moto sawasawa, simama, izime mwenyewe kwa ufunguo, kisha iwashe hapo hapo. Ikigoma, fundi wako ana hoja. Ikishika mara moja, joto halihusiki, na kinachoizima mlimani ni njaa ya mafuta. Injini yenye mzigo inakunywa dizeli nyingi kuliko inayotembea tupu, kwa hiyo njia iliyoziba nusu inatosheleza tambarare na kushindwa kwenye mwinuko.

Siku ikizima tena, kabla ya lolote fungua mfuniko wa tanki na usikilize. Ukisikia upepo unaingia kwa nguvu, tundu la kupumulia limeziba kwa vumbi na tope. Dizeli inavutwa, hewa haiingii kujaza nafasi yake, mwisho fidi pampu, ile ndogo iliyobanwa ubavuni mwa pampu kubwa na kuvuta dizeli kutoka kwenye tanki, inashindwa. Gari likikaa, upepo unapenya polepole na linawaka tena. Safisha tundu au badilisha mfuniko.

Kama hakuna upepo, mwambie utingo apige stata huku wewe ukitazama ekzosi. Moshi mweupe au wa kijivu ukitoka, dizeli inafika kwenye silinda. Usipotoka kabisa, haifiki. Kisha legeza skrubu ya kutolea upepo juu ya filta na upampu kwa mkono kwenye fidi pampu. Hapa mkono wako utakuambia mengi. Ukivuta kichwa chake cha kupampia kikawa kizito na kutaka kurudi chenyewe, kuna kizuizi upande wa tanki. Kikiwa chepesi na povu likatoka kwenye skrubu, kuna sehemu inavuta upepo: mpira uliokauka, klipu iliyolegea, au wosha za kopa zilizorudishwa zile zile za zamani. Usitegemee kuona mafuta yakidondoka, kwa sababu kati ya tanki na fidi pampu mafuta yananyonywa, hivyo tundu linaingiza hewa bila kuvujisha kitu. Ila tatizo la upepo kwa kawaida haliponi kwa gari kupumzika. Lazima upampu ndipo liwake. Ndiyo maana kwako naliweka nyuma. Na kama inatoka dizeli safi bila povu lakini hakuna moshi, angalia mota ya kuzimia, ile inayokata dizeli ukizima ufunguo, kama inarudisha mkono wa pampu mpaka mwisho kwenye upande wa kuwaka.

Niliwahi kukutana na gari la namna hii hii, lilikuwa linazima kwenye mlima wa Kitonga likienda Mbeya na mzigo. Gereji moja ilishabadilisha fidi pampu na filta, tatizo likabaki. Nilifunga kipande cha mpira mweupe unaoonyesha ndani, kabla ya fidi pampu. Injini ikiwa sailensa, yaani bila kukanyagwa moto, dizeli ilijaa mpira mzima, hakuna hata tone la hewa. Nilipomwambia dereva akanyage moto na kushikilia, mpira ukaanza kubonyea katikati, kuta zake zikakaribia kugusana. Tukakausha tanki na kuchomoa bomba la kunyonyea. Kwenye chujio la chini kulikuwa na kipande cha karatasi ya fedha, ile ya kuziba mdomo wa galoni la oili. Injini ikivuta sana, kinanata kwenye chujio. Ikizima, kinalegea na kuelea pembeni. Kwa macho ya mtu aliyesimama barabarani, gari limepumzika na kupona.

Kwa hiyo kipimo ninachokuomba ufanye ni cha dumu. Chukua dumu safi la lita 20, jaza dizeli, lifunge imara pembeni ya chesisi mbali na ekzosi. Toa mpira wa kunyonyea kwenye bomba la tanki, uingize ndani ya dumu, na mpira wa kurudishia nao uingie humo humo. Toa upepo, pakia mzigo wa kawaida, panda mlima ule ule. Isipozima, ugonjwa uko kwenye tanki au bomba lake, na pampu yako ni nzima. Ikizima vile vile, sogea mbele: fidi pampu na kichujio chake kidogo cha wavu ambacho mafundi wengi wanakisahau, halafu ndipo pampu kubwa.

Wenye gari za kompyuta wasifuate haya yote. Zenyewe zikizima za moto na kuwaka zikipoa, tazama mshale wa mizunguko unapopiga stata. Ukilala kwenye sifuri, shuku kwanza sensa ya krenki, ile inayoiambia kompyuta kwamba injini inazunguka. Na msilegeze nati za bomba za nozeli kutafuta upepo, mafuta yale yana presha ya kupasua ngozi.

Usipige stata mfululizo zaidi ya sekunde 15, ipumzishe, utaichoma bure. Usikubali wakupulizie spirei ya kuwashia, inavunja ringi. Injini ikizima mlimani upepo wa breki haujazwi tena, kwa hiyo usijaribu kurudi nyuma kwa kuserereka: vuta hendibreki, weka vizuizi kwenye tairi, tandaza pembetatu mbali, na ukiondoka ondoa mawe barabarani, yanaua watu wa bodaboda usiku.

Ukipima, nijibu hapa kichwa cha pampu ya mkono kilikuwa kizito au chepesi, na dumu limeleta matokeo gani.