Mtunzi akipiga peke yake

Mhariri, wiki hii mmetuuliza kama mtunzi mkongwe wa roki, aliyezoea kuimba na bendi nzima nyuma yake, hupata au hupoteza anapopanda jukwaani peke yake. Mimi nasema hupata, ila kwa sharti kwamba akubali kuupanga wimbo upya, kwa sababu kuondoa ngoma na besi halafu kuyaacha mengine yote yalivyokuwa huzaa wimbo uliopungua tu.

Mfano wangu ni Bruce Springsteen wa Marekani, mtu wa kujaza viwanja vya mpira, ambaye kuanzia Oktoba 2017 hadi Desemba 2018 aliimba katika ukumbi wa Walter Kerr, New York, wenye viti visivyofika 1,000, akiwa na gitaa na piano, na mkewe akimsindikiza katika nyimbo mbili tu. Humo aliupiga "Born in the U.S.A." kwa gitaa la nyuzi 12, akiyatoa maneno taratibu. Wimbo huo ulipotoka mwaka 1984, kishindo cha ngoma na kinanda kiliwafanya wengi, wakiwamo wanasiasa, wadhani ni wa kuisifu nchi, ilhali unamhusu askari aliyerudi kutoka vita vya Vietnam akakosa kazi. Kumbe mtunzi alikuwa amekwisha kuurekodi nyumbani kwake mwaka 1982 kwa sauti yake na gitaa lake. Pale New York aliurudisha ulikotoka.

Sisi wa Tabora jambo hili linatuhusu sana. Mji wetu ulitoa Kiko Kids, Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz, na hadi leo watu hutaja majina ya bendi hizo kwa fahari, lakini ukiwauliza ni nani aliyetunga wimbo wanaoupenda, wanabaki kutazamana. Nimewahi kumsikiliza mzee mmoja wa muziki wa dansi akipiga barazani kwake, kidole gumba kikishika besi, vidole vingine vikichombeza solo na kisigino kikigonga sakafu, na ubeti ambao kwenye santuri hufunikwa na tarumbeta nikausikia neno kwa neno kwa mara ya kwanza.

Natamani wenye kumbi mjini hapa wawatengee wakongwe kama yeye jioni zao, kwa kiti kimoja, gitaa na maikrofoni, na kabla ya kila wimbo mshereheshaji alitaje jina la mtunzi.

Msomaji wenu, Tabora