Wasomaji Wanauliza: Kwenda Milimani Kaskazini mwa Vietnam

Tulipochapisha picha za mashamba ya mpunga ya Mu Cang Chai, katika milima ya kaskazini mwa Vietnam, kwenye toleo lililopita, wasomaji wengi walituandikia wakitaka kujua namna ya kufika huko na namna ya kukaa huko. Tumechagua barua tano, na anayezijibu ni mwandishi wetu wa safari, ambaye ameitembelea milima hiyo mara mbili.

Salaam, Mhariri. Mimi ni mwalimu mstaafu hapa Kabale. Binti yetu anasoma Hanoi, na mwezi Septemba mimi na mama yake tutakwenda kumtembelea kwa siku kumi na mbili. Anatushauri tupande milimani, lakini mama watoto anauliza: sisi tuliozaliwa milimani, tunafuata nini katika milima ya watu? Na tukienda, tuchague Sa Pa au Ha Giang? (Mzee B., Kabale)

Shikamoo Mzee, na umfikishie Mama salamu zangu. Swali lake ni zuri kuliko yote tuliyoletewa, na jibu lake ndilo litakalowaamulia mengine. Nendeni, tena nendeni kwa sababu mmezaliwa Kigezi, milima hiyo ya Kabale. Mgeni aliyekulia tambarare akisimama juu ya bonde la Muong Hoa, chini ya mji wa Sa Pa, huona ngazi za kijani zinazopendeza macho. Ninyi mtaona kazi. Mtajua bila kuambiwa ni siku ngapi za jembe zimo katika kila kingo, na ni nini hutokea mvua kubwa inapoikuta kingo isiyotunzwa.

Kuna jambo moja ambalo naamini litamfurahisha mtu wa Kabale zaidi ya mandhari yenyewe. Matuta ya Kigezi, ambayo wakulima walihimizwa sana kuyajenga katika miaka ya 1940, kazi yake ni kuushika udongo usiteremke, na maji huachwa yaende zake taratibu. Kule, ngazi hujengwa ili kuyashika maji yenyewe. Msitu wa kileleni hautakiwi kuguswa, kwa kuwa ndio unaotunza chemchemi. Kutoka hapo maji huongozwa kwa mifereji na vipande vya mianzi hadi kwenye ngazi ya juu kabisa, na hiyo ikijaa hutobolewa nafasi kwenye kingo ili yateremkie ya pili, kisha ya tatu, hadi mtoni. Kwa hiyo kila ngazi haina budi kusawazishwa kama meza, na mwenye shamba la juu na mwenye shamba la chini hawana budi kusikilizana mwaka mzima. Kwa sababu ya baridi, huko juu mpunga hulimwa mara moja tu kwa mwaka: maji hujazwa Mei na Juni, mavuno huanza Septemba na kuishia mwanzoni mwa Oktoba. Mmechagua wakati ambao ngazi zote zimeiva na familia nzima ziko shambani.

Sasa kuhusu kuchagua. Mji wa Sa Pa uko kwenye kimo cha mita 1,500 hivi, chini kidogo ya Kabale, na Wafaransa waliufanya mahali pa kupumzikia joto la Hanoi mwanzoni mwa karne iliyopita. Leo una mahoteli mengi, na tangu 2016 kuna magari ya kamba yanayowapeleka watu hadi karibu na kilele cha Fansipan, mlima mrefu kuliko yote nchini Vietnam, wenye mita 3,147. Kwa watu ambao jirani yao ni Muhabura, wenye mita 4,127, sidhani kilele hicho peke yake kinastahili nauli. Ninachowaombea ni mabonde yaliyo chini ya mji. Pandeni garimoshi la usiku kutoka Hanoi hadi Lao Cai, ambalo huchukua takriban saa nane, kisha basi la chini ya kilomita 40 hadi Sa Pa, na kutoka hapo msilale mjini hata usiku mmoja. Shukeni Ta Van, ambako Wagiay wengi wanaishi, au nendeni Ta Phin kwa Wadao Wekundu, wanaojulikana kwa vilemba vyao vyekundu na kwa maji ya moto ya kuoga yaliyochemshwa na majani ya dawa ya msituni. Magoti ya watu wazima huyashukuru sana maji hayo baada ya siku ya kupanda na kushuka.

Ha Giang ni nchi nyingine kabisa, na nakiri kwamba moyo wangu uko huko. Uwanda wa Dong Van ni mawe ya chokaa matupu yaliyochongoka, na mwaka 2010 UNESCO iliutambua kuwa hifadhi ya kijiolojia, ya kwanza nchini humo. Juu ya mawe hayo Wahmong hulima mahindi: hujaza udongo kwenye matundu ya miamba, wakiubeba kwa vikapu mgongoni pale unapopungua, na katika kila tundu hupanda mbegu chache. Mahindi hayo husagwa, unga wake hupikwa kwa mvuke, na chakula hicho huitwa men men. Ni ndugu wa posho yetu, ila ni chembechembe na hakishikamani mkononi. Nilipokila kwa mara ya kwanza nilimkumbuka mama yangu. Lakini Ha Giang iko mbali, kama kilomita 300 kutoka Hanoi, hakuna reli, na barabara za huko juu ni kona baada ya kona kwa siku tatu au nne.

Kwa umri wenu na kwa siku mlizo nazo, ningechagua Sa Pa, kijiji kimoja, usiku nne. Msikubali kuuziwa safari ya kupitishwa mahali kumi kwa siku mbili. Mara yangu ya kwanza nilikubali. Wakala mmoja wa Hanoi alitukimbiza kwa gari dogo kutoka kituo kimoja cha picha hadi kingine, dakika kumi na tano kila kimoja, na nilirudi nyumbani bila kumjua mtu hata mmoja wa milima ile. Mara ya pili nilikaa nyumba moja, nikatoka na wenyeji asubuhi, na nikaonyeshwa namna ya kukata mpunga kwa mundu na kuupiga kwenye sanduku la mbao hapo hapo shambani. Mama atapewa mundu, nina hakika, na ataonekana mara moja kuwa si mgeni wa kazi.

Mimi ni kijana wa Mbale, nimeendesha pikipiki miaka saba. Mwakani nitakwenda Vietnam na wenzangu wa ushirika wa kahawa, na nikimaliza shughuli nataka kukodi pikipiki nizunguke Ha Giang. Watu wanasema ni rahisi tu. Je, ni kweli? (W., Mbale)

Kupata pikipiki ni rahisi kweli. Kuwa nayo kihalali ndiko kwenye kazi. Vietnam huitambua leseni ya kimataifa iliyotolewa kwa mujibu wa mkataba wa mwaka 1968, ikiambatana na leseni yako ya nyumbani yenye daraja la pikipiki. Kwa hiyo kabla hujaondoka, soma mwenyewe mwaka wa mkataba ulioandikwa kwenye leseni yako ya kimataifa. Askari wa barabarani husimamisha wageni mara kwa mara katika mzunguko huo, na lililo zito kuliko faini ni kwamba bima ya safari kwa kawaida hailipi matibabu ya mtu aliyeanguka akiendesha bila leseni inayotambuliwa. Kwa hili ninakusihi, kijana wangu, usimsikilize mwenye kukodisha anayekwambia kwamba hakuna anayeuliza.

Ipo njia nyingine ambayo mtu wa Uganda hawezi kuiona ngeni, nayo ni kukaa nyuma. Wenyeji wanaozijua zile kona hubeba wageni kwa siku zote tatu au nne, hulala nao njiani na kuwatafsiria. Bodaboda kwa Kivietnam huitwa "xe ôm", maana yake chombo cha kukumbatia. Ukikaa nyuma, macho yako yanakuwa huru, na kwenye kipito cha Ma Pi Leng utayahitaji. Ni kama kilomita 20 kati ya Dong Van na Meo Vac, mto Nho Que ukiwa mstari wa kijani chini kabisa ya korongo. Barabara hiyo huitwa Hanh Phuc, yaani furaha. Vijana wa makabila mbalimbali waliijenga kati ya 1959 na 1965, kilomita zipatazo 185, kwa nyundo na patasi, na pale Ma Pi Leng walifanya kazi wakining'inia kwa kamba kwenye ukuta wa jabali. Mtu anayeipita kwa mwendo wa mashindano hawatendei haki.

Kuhusu mvua, wewe ni mtu wa mlima Elgon na umeona maporomoko yaliyoipata Bududa mwaka 2010. Milima ile ina tabia hiyo hiyo. Miezi ya Juni hadi Agosti udongo hushuka barabarani, na vimbunga huweza kufika hata baadaye: Septemba 2024 kimbunga Yagi kilileta maporomoko yaliyoua watu wengi katika mkoa wa Lao Cai, wakiwamo wengi wa kijiji cha Lang Nu. Ningekushauri Oktoba au Novemba, anga ikiwa safi na maua ya waridi ya mmea uitwao tam giác mạch yakiwa yamefunika mawe ya Dong Van. Mwenyeji akikwambia leo hatutoki, msitoke.

Na kwa kuwa mnakwenda kwa ajili ya kahawa: robusta nyingi ya Vietnam hutoka nyanda za juu za kati, mbali sana na Ha Giang, lakini kaskazini, Son La na Dien Bien, wanalima arabika kwenye miteremko kama yenu. Ushirika wenu ungefaidika zaidi kuona mashamba hayo.

Naomba mnieleze kwa ufupi kuhusu viza, fedha na ndege. (Dada A., Arua)

Viza huombwa kwa intaneti kwenye tovuti rasmi ya serikali ya Vietnam; tangu Agosti 2023 raia wa nchi zote wanaruhusiwa, kwa muda usiozidi siku 90, kwa dola 25 kuingia mara moja au dola 50 kuingia mara nyingi. Tovuti za kuiga ni nyingi na hutoza zaidi. Hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka Entebbe. Utabadili Addis Ababa, Doha au Dubai. Beba kadi yako ya homa ya manjano, kwa sababu Uganda yenyewe huidai kwa wanaoingia. Shilingi yetu haibadilishwi huko, basi nenda na dola safi zisizokunjika, ubadilishe Hanoi. Wageni wanaopita Dong Van na Meo Vac, karibu na mpaka wa China, wametakiwa kuwa na kibali cha mpakani, na nyumba za wageni mjini Ha Giang huwasaidia kukipata. Usishangae pia ramani mpya ikiandika Tuyen Quang: tangu Julai 2025 mkoa wa Ha Giang umeunganishwa humo, na Yen Bai imeunganishwa na Lao Cai, ingawa watu bado hutumia majina ya zamani.

Assalaam alaykum. Mimi na dada zangu wawili ni Waislamu, na tunasikia kule nguruwe huliwa kila siku. Tutaishije? (Mama H., Kibuli)

Wa alaykum salaam, Mama. Mliyosikia ni kweli, na tatizo haliishii kwenye nyama, kwa sababu mafuta ya nguruwe hukaangiwa hata mboga. Hanoi ina msikiti mmoja, Al-Noor, katika mtaa wa Hang Luoc, uliojengwa mwaka 1890, na huko mtapata ushauri wa mahali pa kula. Milimani msitegemee chakula halali. Mwenye nyumba aelezwe mapema, kabla hamjafika, nanyi mbebe sufuria ndogo na mafuta yenu. Wali, mayai, tofu, mboga za majani na viazi vitamu havikosekani. Andikeni kwenye karatasi maneno "ăn chay", yaani chakula kisicho na nyama, na "không mỡ lợn", yaani bila mafuta ya nguruwe. Wenyeji pia humkaribisha mgeni kwa pombe ya mahindi. Kuweka mkono kifuani na kuomba chai kunatosha, na sijaona mtu aliyekasirika. Baridi nayo msiidharau ikiwa mtakwenda Desemba au Januari, kwani nchi ile iko mbali na ikweta na upepo wa kaskazini hufika na jalidi.

Mimi ni mpiga picha wa harusi Entebbe. Nataka kupiga picha za watu wa milimani na mavazi yao. Ni adabu gani nifuate? (J., Entebbe)

Ninafurahi kwamba umeuliza, kwa maana wengi hawaulizi. Anza kwa kununua. Mwanamke wa Kihmong unayemwona amevaa vazi jeusi la nili amepitia kazi ya miezi: nyuzi hutolewa kwenye mmea wa jamii ya bangi, hufumwa, kisha kitambaa huchovywa kwenye rangi na kuanikwa, mara nyingi, hadi kikolee. Ukimkuta sokoni, iwe Bac Ha au Dong Van siku ya Jumapili, kaa naye, uliza kuhusu vazi hilo, kisha onyesha kamera na usubiri. Akigeuza uso, hilo ndilo jibu.

Watoto wadogo wa Sa Pa wanaouza vikuku usinunue kwao wala usiwape pesa au pipi; kila wanachopata barabarani ni sababu ya kutokwenda shule kesho yake, na wakuu wa mji wenyewe wanawaomba wageni wasifanye hivyo. Nunua kwa mama zao. Na kwa kuwa kazi yako ni picha, una zawadi ambayo wengine hawana: ukishuka Hanoi, zichapishe kabla hujapanda ndege, uziandike jina la kijiji na la mwenye nyumba kwa Kivietnam, kisha ukabidhi bahasha kwenye kituo cha mabasi yanayopanda huko, kwani mabasi hayo hubeba mizigo midogo kila siku. Mwenye nyumba wangu wa Ta Van alinionyesha ukutani picha moja tu ya marehemu baba yake, na ilikuwa imefika kwa njia hiyo.