Hemogramu ya mzee inasema limfosaiti ziko chini, ni ukimwi?

SWALI: Daktari habari, niko Nyalenda hapa Kisumu, mzee wangu anauza samaki Dunga. Amekohoa wiki nzima, juzi akashindwa hata kupanda bodaboda, tukampeleka hospitali wakasema ni korona na sisi tulidhani hiyo mambo iliisha. Sasa kwa karatasi ya hemogramu, kile kipimo cha kuhesabu chembe za damu, kuna mahali pameandikwa LYM 0.7 na herufi L kando, na jirani ameiangalia akaniambia hiyo ni damu ya mtu ako na virusi vya ukimwi, ati askari wameisha mwilini. Sijalala. Ni kweli?
Mama Samaki, Nyalenda

JIBU: Mama, pole, lakini jirani yako amerukia mbali. LYM ni limfosaiti, zile chembe nyeupe zinazomtambua adui na kumkumbuka akirudi. Mtu mzima mara nyingi huwa nazo kati ya 1.0 na 4.0, kwa hivyo 0.7 ni chini kweli, ila kwa mgonjwa wa korona si ajabu, tumeiona tangu 2020, na wale zinashuka sana ndio huchungwa zaidi.

Zimeenda wapi sasa? Korona huingia kwa seli kupitia mlango unaitwa ACE2, na limfosaiti karibu hazina huo mlango, kwa hivyo si ati kirusi kinazimaliza moja moja. Zingine zimetoka kwa damu zikakimbilia mapafu kwenye vita, na mashine inahesabu tu zile ziko kwa ile chupa ndogo ya kifuniko cha zambarau, ni kama uhesabu wavuvi wa Dunga saa ile wengi wako ziwani. Zingine zimekufa kweli, zimeunguzwa na kemikali ambazo mwili wenyewe unamwaga ukipigana.

Hebu angalia NEU kwa hiyo karatasi, sitashangaa ikiwa juu. Hizo ni neutrofili, zikichemka hutupa nje nyuzi kama wavu, wavu wa kunasa vijidudu lakini unagandisha damu pia, ndio maana wagonjwa wengine wa korona hudungwa dawa ya kuzuia damu kuganda.

Alidungwa deksa (deksamethasoni, dawa ya kutuliza uvimbe mwilini) kabla hajatolewa damu? Uliza, maana hiyo dawa peke yake inashusha limfosaiti na kupandisha neutrofili.

VVU ni mambo mengine, hiyo inaingia ndani ya CD4, aina moja ya hizo limfosaiti, na kujificha humo miaka. Hemogramu haihesabu CD4 wala haipimi VVU, mkitaka kujua apimwe, ni tone la damu na mnangoja dakika chache tu. (Labda jirani alisikia habari za MERS, ile korona ya ngamia iliyojulikana 2012 huko Saudi Arabia, hiyo ndiyo inaweza kuingia kwa limfosaiti na kuziua.)

Mtu akipata nafuu namba hupanda zenyewe, hakuna haja ya kununua zile syrup za kuongeza damu. Arudie hemogramu baada ya wiki mbili tatu na mbebe hii karatasi ya kwanza, walinganishe. Lakini akianza kuhema hata akiwa ameketi, au midomo igeuke rangi, msingoje hizo wiki, rudini hospitali usiku huo huo.