Tulinyamazishwa, Tusiwanyamazishe

Juzi msomaji mmoja anayesomea shahada ya uzamili ya saikolojia ya ushauri hapa Nairobi aliniandikia: "Dada, ada ya chama chetu cha wanasaikolojia na washauri nimelipa miaka miwili. Sijawahi kuulizwa maoni yangu hata mara moja. Niendelee?"

Alinitonesha kidonda. Nilipokuwa kama yeye, mchana nilikaa na wateja katika kituo kimoja Eastlands, jioni darasani, na Jumamosi napanda matatu mbili kwenda kwenye mkutano wa chama. Kazi yangu huko ilikuwa kuandika majina mlangoni na kupanga viti. Siku moja niliinua mkono nisimulie habari za mama aliyefiwa na mtoto, aliyekataa kunena nami mpaka nilipoacha Kiingereza. Mwenyekiti akanikata: "Tuwaachie madaktari kwanza," yaani wenye shahada ya uzamivu. Nikaketi. Miaka mitatu sikukanyaga pale.

Niliporudi niliingizwa katika kamati ya wanachama, na nakiri kwamba mwaka mzima sikuwatumia wanafunzi kitu ila vikumbusho vya ada. Niliyotendewa ndiyo niliyotenda.

Mwezi uliopita tulianzisha jioni ya kesi. Mwanafunzi au mshauri aliye kazini analeta kesi ya mteja inayomsumbua, majina yamefichwa, na msimamizi mzoefu anazungumza mwisho kabisa. Walikuja 19, wengine wakaketi sakafuni! Usimamizi wa kulipia, yaani mshauri mzoefu kukuongoza katika kesi zako, ni ghali, na mwanafunzi anauhitaji kama maji.

Ndugu zangu mnaoongoza vyama, wapeni wanafunzi na washauri walio kazini nafasi ya kusema. Wapeni kura, wapeni viti kwenye kamati, si trei za chai. Sheria yetu ya 2014 inaitwa ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia, na washauri wametajwa kwanza. Wengi wao ni watu wa uzamili na stashahada. Hata American Psychological Association, chama cha wanasaikolojia wa Marekani kilichoanzishwa 1892, kilingoja hadi 2018 ndipo baraza lake likapiga kura ya kuelekea kuidhinisha programu za uzamili. Sisi tuna haja gani ya kungoja hivyo? Anayewasikiliza watu mitaani kila siku ana la kutufundisha. Wapeni nafasi ya kusema, narudia.

Nawe mdogo wangu uliyeniandikia, usiondoke. Alhamisi ijayo, saa kumi na mbili jioni, njoo na kesi yako. Wewe ndiwe utakayefungua.