Re: Mume wangu anaumwa sana, niendelee kumwekea mechi za mpira?

Pole sana dada. Umesema mumeo husinzia hata kabla ya mapumziko, na ndugu wanakwambia unamchosha. Mimi nasema mwekee.

Mke wangu alikuwa akisafishwa damu mara tatu kwa wiki, kwa muda wa saa nne kila mara. Akirudi, hata kikombe kilimshinda. Yeye Yanga, mimi Simba. Juni 2023, Yanga walipocheza fainali ya marudiano ya Kombe la Shirikisho Afrika kule Algiers, nilimwekea redio kwa sauti ya chini, maana mwanga wa televisheni ulimuumiza macho. Walishinda 1-0, lakini jumla ya mechi mbili ikawa sare, kombe likaenda kwa wenyeji USM Alger kwa mabao ya ugenini. Alilia, na mimi mtani wake nikalia naye. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya miezi tunalia kwa jambo lisilo ugonjwa.

Akisinzia usizime. Kumbuka nani kafunga na dakika ya ngapi, umsimulie akiamka. Kama ana presha, muulize daktari kwanza kuhusu mechi za watani. Na jezi yake ifue, iwe karibu na kitanda. Wangu aliiulizia yake kabla ya uji.